Wafagiaji wa tangi la bahari wachaguliwe kwa kazi, si kwa wingi

Swali lililonisukuma kuandika makala haya niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, naye hakuliuliza kwa nia ya kunifedhehesha. Tulikuwa tumesimama mbele ya tangi la vioo la lita 200, lililojazwa maji ya bahari, ambalo chama cha sayansi cha shule tulikokuwa kilikuwa kimelitunza kwa miezi 2. "Mwalimu," akasema, "naona kaa wamehamia katika nyumba za konokono. Je, konokono wenyewe wameenda wapi?"

Nilitazama, nikanyamaza. Kati ya konokono 20 tuliokuwa tumewatia humo walikuwa wamesalia 4. Magamba ya wenzao yalikuwa bado yakitembea mchangani, lakini katika mdomo wa kila gamba yalichungulia magando. Wale kaa wadogo tuliowaweka wasaidie kusafisha tangi walikuwa wamewamaliza wasafishaji wenzao ili wapate makao. Lawama haikuwa ya kaa. Mimi ndiye niliyewatuma wanafunzi ufuoni na ndoo, nikawaagiza walete konokono na kaa wengi kadiri wawezavyo, kwa kuwa nilidhani wingi wa wafagiaji ndio usafi wa nyumba.

Naandika leo kwa sababu kosa hilo ni rahisi kulirudia. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wanafunzi wamehimizwa kujifunza kwa kutenda, na hilo ni jambo la kupongezwa. Shule iliyo karibu na bahari ikiwa na tangi la maji chumvi darasani, ina kitabu ambacho mchapishaji yeyote hawezi kukishinda. Lakini kitabu hicho kikisomwa vibaya hufunza ubaya. Msimamo wangu ni huu: mfagiaji wa tangi na achaguliwe kwa kuangalia kazi iliyopo, chakula kilichopo na makao yaliyopo. Akikosekana anayefaa, ni heri mwanafunzi ashike sifongo akisugue kioo kwa mkono wake mwenyewe.

Kwanza tujiulize, uchafu wenyewe ni nini? Samaki wakilishwa, mabaki ya chakula na kinyesi huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waishio katika mchanga na mawe huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti huwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Katika tangi jipya bakteria hao huhitaji takriban majuma 4 hadi 6 kabla hawajatosha kwa kazi hiyo. Hakuna konokono wala kaa awezaye kuifanya badala yao. Mnyama anayetiwa katika tangi kabla ya wakati huo hapelekwi kazini, bali hupelekwa kwenye sumu.

Baada ya hapo ndipo huja mwani. Aghalabu huanza utando wa rangi ya kahawia juu ya mchanga na vioo, kisha ukafuata ukoga wa kijani, na pengine nyuzi ndefu kama nywele zinazoshika mawe. Mwani huu hustawi kwa nitrati, fosfati na mwangaza. Konokono huula, ndiyo, lakini alichokula hukitoa kikiwa kinyesi katika maji yale yale. Kwa hivyo neno "mfagiaji" lina udanganyifu ndani yake. Mfagiaji wa kweli huzoa taka akazitoa nje ya ua, ilhali konokono huzisaga tu akaziacha ndani. Anayezitoa nje ni binadamu mwenye ndoo, anayebadilisha sehemu ya maji kwa utaratibu na kuchunga asiwalishe samaki kupita kiasi. Mwalimu anayetarajia konokono wamwondolee jukumu hilo amekwisha kosea kabla ya kuchagua hata mmoja.

Tukiisha kukubaliana juu ya hilo, twaweza kuchagua. Konokono wa baharini si wamoja. Wapo wa jenasi ya Trochus, ambao gamba lao lina umbo la pia. Hao hupatikana katika Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Ulimi wao una meno madogo mengi kama tupa, nao huparuza ukoga wa vioo na mawe vizuri sana. Wana sifa nyingine ambayo wengi huipuuza: wakianguka chali huweza kujigeuza. Konokono wa jenasi ya Astraea, wanaouzwa sana Marekani na ambao asili yao ni Karibi, mara nyingi hushindwa kujigeuza wakiangukia mchanga mtupu. Hubaki hivyo hadi wafe kwa njaa au waliwe. Mwenye kuwafuga hao sharti awakague kila siku.

Wapo pia wa jenasi ya Turbo, wakubwa na walaji hodari, wanaofaa pale mwani unapokuwa umerefuka. Lakini wana nguvu, nao husukuma na kuangusha kijiwe au kipande chochote cha tumbawe ambacho hakikukazwa. Katika tangi dogo wanaweza kukimaliza chakula kwa muda mfupi, kisha wakabaki na njaa. Wa jenasi ya Cerithium ni wadogo, wenye gamba refu lililochongoka. Hutembea zaidi usiku, wakila mwani na mabaki juu ya mawe na ndani ya mchanga, hata katika pembe ambazo mkono wa mtu haufiki.

Halafu kuna wa jenasi ya Nassarius. Hawa hawali ukoga wa vioo kamwe. Hujizika mchangani wakaacha mrija wao tu ukichomoza nje, wakinusa maji. Kipande cha samaki kikidondoka, utawaona wakichomoka mchangani kama watu waliosikia mwadhini. Kazi yao ni nyama na mizoga, pamoja na kuupindua mchanga. Mwalimu anayewatia kwa sababu kioo chake kimeota kijani hatasaidika, na konokono hao hawatakuwa na cha kula isipokuwa awalishe yeye.

Nataja mfano mwingine mmoja, kwa kuwa una somo kubwa. Katika maduka ya ng'ambo kwa muda mrefu wameuzwa konokono wadogo wa jenasi ya Margarites kwa wenye matangi ya kitropiki. Asili yao ni maji baridi ya pwani ya magharibi ya Marekani Kaskazini. Ukiwatia katika maji ya nyuzi 26 wataparuza vioo kwa muda mfupi, kisha watakufa mmoja baada ya mwingine, na mnunuzi atadhani ndio umri wao. Yatupasa kumfunza mwanafunzi aulize kiumbe ametoka wapi kabla ya kuuliza bei yake.

Sasa nije kwa kaa. Yule kaa mdogo anayejitia katika gamba tupu la konokono nitamwita hapa kaa mpangaji, maana nyumba aishimo hakuijenga yeye. Sehemu yake ya nyuma ni laini, haina ganda gumu, nayo imejipinda ili ienee katika mzunguko wa gamba. Akikosa gamba hana kinga. Anapokua, gamba humbana, naye hulazimika kutafuta jingine lililo kubwa kidogo. Kwake yeye gamba ni uhai, wala si pambo.

Kosa letu la kwanza, wanafunzi wangu nami, lilikuwa kuokota kaa ambao ni rahisi kuokota. Wale wanaoburura magamba juu ya mchanga mkavu, kwenye mstari wa takataka za bahari na chini ya mikadi, ni wa jenasi ya Coenobita. Hao huishi nchi kavu wanapokuwa wakubwa, na hupumua hewa. Kaa hao ukiwazamisha katika tangi hufa maji kama wewe na mimi. Ndivyo walivyokufa baadhi ya wetu katika siku chache za mwanzo, nasi tukadhani ni ugonjwa. Kaa wa baharini ni wengine. Katika mikoko ya hori la Mida, karibu na Watamu, wako wale wa aina ya Clibanarius laevimanus, ambao watafiti waliwaeleza katika miaka ya 1990 kuwa hukusanyika makundi makundi maji yanapokupwa.

Hata kati ya kaa wapangaji wa baharini, wapo wa kuepukwa. Wa jenasi ya Dardanus huweza kukua wakawa wakubwa kama ngumi, nao huwala konokono na chochote wawezacho kukikamata. Wanaopendelewa katika matangi ya Marekani ni wadogo wa Karibi: Clibanarius tricolor, mwenye miguu ya buluu, na Paguristes cadenati, mwekundu, ambaye husifiwa kwa upole. Lakini upole wa kaa mpangaji ni wa kiasi. Anakula ukoga, mabaki ya chakula na mizoga, na akiona gamba zuri kuliko lake, humpima mwenyewe aliyemo.

Jambo hili lina utaratibu wa kustaajabisha. Mwanasosholojia Ivan Chase, wa chuo kikuu cha Stony Brook huko New York, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba gamba moja tupu likiwekwa mahali waishipo kaa hawa, halimfai mmoja peke yake. Kaa wa kwanza huingia katika gamba jipya akaacha lake. Wa pili, aliye mdogo kuliko yeye, hulitwaa lililoachwa, akaacha lake kwa wa tatu, na kuendelea. Gamba moja huwahamisha wengi. Na kinyume chake ni kweli: magamba yakikosekana, msururu mzima hukwama, na hapo ndipo konokono hai anapogeuka kuwa kiwanja cha kugombaniwa.

Kwa hivyo mtu asiyeweza kutia magamba tupu ya ukubwa mbalimbali katika tangi, mengi kuliko idadi ya kaa alio nao, asiwatie kaa. Magamba hayo yasiwe yamepakwa rangi, wala yasiwe ya umbo ambalo kaa wa aina ile hawalitaki. Hata akiyatia, ajue kwamba ametia nafuu tu, hakutia hakikisho. Kama konokono wake ni wa thamani kwake, basi afuge konokono bila kaa. Mimi leo ndivyo ningefanya.

Kuhusu idadi, nimesoma mara nyingi kanuni inayotajwa na wauzaji wa Marekani, kwamba mtu atie konokono mmoja kwa kila galoni, yaani takriban lita 4. Kwa tangi letu la lita 200 hao wangekuwa 50. Kanuni hiyo humfaa muuzaji. Konokono 50 wangeumaliza ukoga wote kwa siku chache, kisha wakaanza kufa njaa polepole, bila kelele, kila mmoja akioza na kuongeza amonia katika maji tuliyotaka yawe safi. Njia ya busara ni kuanza na konokono 5 au 6, kungoja mwezi mzima, kisha kuangalia. Ukoga ukizidi, ongeza 2. Ukipungua, usiongeze. Chakula ndicho kinachopaswa kuweka idadi.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba ninajisumbua bure. "Bahari ni pana," alisema, "na konokono ni konokono tu. Wakifa, watoto watakwenda kuleta wengine." Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu watu wengi wanaiamini, kwa hivyo naijibu kwa sehemu tatu.

Kwanza, kuna usalama wa watoto. Konokono si konokono tu. Katika maji yetu wapo wale wenye gamba la umbo la koni, lenye michoro ya kupendeza mno, wa jenasi ya Conus. Huwinda kwa jino lililo kama chusa lenye sumu. Mmoja wao, Conus geographus, amewahi kuua watu, na dawa ya kuiondoa sumu yake haijapatikana. Mtoto anayetumwa ufuoni alete konokono wowote wale, bila kufunzwa, ataokota kwanza aliye mzuri zaidi.

Pili, kuna sheria na kuna magamba yenyewe. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuchukua kiumbe wala gamba. Nje ya mbuga, ni wajibu wa shule kuwaona maafisa wa uvuvi na kikundi cha usimamizi wa ufuo kabla ya kutia mkono majini. Isitoshe, magamba ya baharini yamekuwa yakiuzwa kwa watalii kwa miaka mingi. Kila gamba linalowekwa juu ya kabati la mtu sebuleni ni nyumba moja iliyoondolewa katika ule msururu wa wapangaji niliouelezea. Bahari ni pana kweli, lakini ufuo mmoja, mbele ya shule moja, si mpana.

Tatu, bahari yenyewe imekwisha kutuonyesha yatokeayo mizani ikivurugika. Watafiti Tim McClanahan na Nyawira Muthiga walieleza mwaka 1988 yaliyotokea katika miamba ya matumbawe ya Kenya iliyovuliwa kupita kiasi. Samaki aina ya kikande, ambaye huwala wale wanyama wa mviringo wenye miiba tunaoogopa kuwakanyaga, alipopungua, wanyama hao waliongezeka mno. Nao wanapoparuza mwani huguguna na jiwe la tumbawe. Mlaji wa mwani, anayefaa akiwa wa kiasi, huwa mharibifu akiwa wengi wasio na wa kuwapunguza. Yaliyotukia katika tangi letu la lita 200 yalikuwa jambo la namna hiyo hiyo, ila kwa ukubwa ambao mwanafunzi anaweza kuuona akiwa ameketi kitini.

Basi napendekeza kwa walimu wenzangu kwamba kabla ya ndoo kuguswa, wanafunzi waandike majibu ya maswali machache. Tangi limetimiza majuma mangapi, na amonia na nitriti zimepimwa zikaonekana kuwa zimekwisha? Uchafu uliopo ni upi: ukoga wa vioo, nyuzi za mwani, au mabaki mchangani? Mnyama tunayemtaka hula hicho hasa, au tunamdhania tu? Ametoka katika maji ya joto gani? Atakua hadi ukubwa gani? Akimaliza uchafu huu, atakula nini? Na kama ni kaa, magamba ya akiba yako wapi?

Waongezee maswali ya utunzaji. Je, samaki wa tangi hili waliwahi kutibiwa kwa dawa yenye shaba? Shaba inayomponya samaki huwaua konokono na kaa, hata ikiwa kidogo. Je, mnyama atazoeshwa maji mapya polepole, tone kwa tone kwa muda wa saa moja au zaidi? Konokono hastahimili badiliko la ghafla la chumvi. Je, nani atakagua kila asubuhi na kuwaondoa waliokufa? Na wanyama wa tangi wasirudishwe baharini ovyo, hasa wakiwa wamechanganyika na wageni wa kutoka kwingine, wasije wakapeleka magonjwa huko.

Wako watakaosema kwamba maswali haya yanachelewesha kazi. Ni kweli. Lakini majuma 6 ya kungoja mbele ya tangi lenye maji, mchanga na mawe peke yake si majuma yaliyopotea. Mwanafunzi anayepima maji kila juma na kuchora ule utando wa kahawia unavyoenea amejifunza biolojia, kemia na subira kwa pamoja. Akiisha, atamchagua konokono wake wa kwanza akijua kwa nini anamchagua, na atamlinda kwa sababu anajua kazi yake. Yule aliyeleta ndoo nzima kwa siku moja hamjui hata mmoja.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu awe na majibu yote. Yule kijana aliyeniuliza konokono wameenda wapi alikuwa amehesabu. Mimi niliyemfunza sikuwa nimehesabu. Jioni ile tulikaa chini pamoja, tukatoa kaa waliosalia, tukawahamishia katika hodhi lao wenyewe pamoja na magamba tupu 30 tuliyopewa na wavuvi kwa idhini ya wazee wa ufuo. Katika tangi walibaki konokono 4, nao wakatutosha kwa muda wote uliobaki wa muhula. Vioo tulivisugua wenyewe, kwa zamu, kila Ijumaa.